Hayajakamilika: Suala la Hali katika Ujumbe wa Tarakilishi na Deni la Wanakiswahili

Katika takriban kila kongamano la Kiswahili linaloandaliwa katika vyuo vikuu vya Kenya, huibuka swali la uwezo wa lugha hii kubeba maarifa ya sayansi na teknolojia. Na takriban kila mara swali hilo hujibiwa kwa orodha. Msemaji husimama, akataja tarakilishi, kipakatalishi, kipanya, wavuti na mdahalishi. Ukumbi ukapiga makofi. Kisha ukazuka ubishi mkali baina ya wafuasi wa tarakilishi, wa ngamizi na wa kompyuta. Saa ya chai hufika kabla ya yeyote kueleza kifaa hicho chenye majina matatu hufanya kazi vipi.

Hakuna anayeweza kubeza juhudi za waundaji istilahi. Mnamo mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux uliokuwa na makao yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na mtumiaji akaweza kuandika waraka wake akiongozwa na menyu za Kiswahili. Tangu wakati huo kampuni kubwa za kigeni nazo zimetoa programu zenye sura ya Kiswahili. Lakini jina ni mlango tu wa nyumba. Mtumiaji wa simu leo hukutana na neno vidakuzi mara kwa mara, akaombwa avikubali au avikatae, naye hubonyeza kitufe cha kukubali ili aondokewe na usumbufu. Neno analo, maana hana. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeketi kando yake hawezi kumsaidia, kwa sababu naye alilikariri neno hilo katika orodha.

Makala haya yanashikilia kwamba kipimo cha lugha katika nyanja hii ni uwezo wake wa kueleza na kubishana, wala si wingi wa nomino zake. Na ili dai hilo lisibaki kuwa maneno matupu, inafaa kuchukua suala moja gumu linalowasumbua waandishi wa programu, nalo ni namna ya kutunza hali katika vipande vya programu vinavyopokea ujumbe kwenye huduma za wavuti. Likichunguzwa kwa makini, suala hili linaonekana kuwa jirani wa yale yanayofundishwa katika idara za Kiswahili. Jirani wa karibu kiasi cha kuaibisha.

Hali ni nini? Ni jumla ya yale ambayo mfumo unapaswa kuyajua kuhusu yaliyokwisha kutendeka ili uweze kutenda linalofuata. Je, mteja amejitambulisha au bado? Amechagua bidhaa gani? Fedha zimetoka? Wanaisimu hulitumia neno lilo hilo kwa maana ya namna tendo linavyotazamwa: limetimia, linaendelea, ni la mazoea, au bado halijatimia. Wapo watakaodai kwamba neno moja kubeba maana mbili za kitaaluma ni kasoro. Itaonekana mbele kwamba katika suala hili ni bahati njema.

Ugumu wenyewe ulizaliwa pamoja na wavuti. Itifaki ya HTTP, ambayo Tim Berners-Lee aliibuni alipokuwa katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, haina kumbukumbu. Ombi linaingia, jibu linatoka, na mambo yanaishia hapo. Ombi la pili kutoka kwa mtu yule yule hupokelewa kama la mgeni ambaye hajawahi kuonekana. Kwa usomaji wa kurasa hapakuwa na tatizo, maana asomaye hana haja ya kukumbukwa. Biashara ilipoingia, usahaulifu huo ukawa balaa: ni duka gani litakalomuuzia mteja ikiwa kila anapogeuka kutafuta bidhaa nyingine muuzaji anamsahau yeye na kikapu chake? Mwaka wa 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alitoa suluhu: seva impe mteja kipande kidogo cha maandishi, naye akirejeshe kila anaporudi. Hicho ndicho kidakuzi. Seva haimkumbuki mtu. Inasoma kikaratasi alichokuja nacho.

Yeyote aliyefunzwa kuandika barua rasmi katika shule ya upili anakijua kikaratasi hicho kwa sura nyingine. Barua rasmi ina mahali pa kuandika Kumb., na wanafunzi hujaza nambari hapo bila kuuliza sababu. Sababu ni kwamba afisa anayeandikiwa hupokea barua nyingi, na huenda yule aliyeijibu ya kwanza amehamishwa au amestaafu. Kumbukumbu ya shauri haiwezi kuachwa kichwani mwa mtu. Huwekwa juu ya karatasi na ndani ya faili, ili ofisi ikumbuke hata karani akisahau. Sehemu kubwa ya elimu ya utunzaji wa hali imo ndani ya herufi hizo nne.

Huduma za wavuti zilipoanza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, ujumbe wake ulipangwa kwa mtindo wa barua. Itifaki ya SOAP, ambayo toleo lake la 1.2 liliidhinishwa na shirika la W3C mwaka wa 2003, huuita mzingo wa nje bahasha. Na ndani ya bahasha mna kichwa na kiwiliwili. Kiwiliwili hubeba haja yenyewe. Kichwa hubeba mambo ya njiani: ni nani aliyetuma, ujumbe umetiwa saini gani, unahusiana na ujumbe upi uliotangulia. Kabla ya kuifikia programu kuu, bahasha hupitia mikononi mwa vipande kadhaa vya programu vilivyopangwa mstari. Kimoja hukagua saini, kingine huandika daftarini, kingine hufumbua maandishi yaliyofichwa. Jibu linapotoka hupitia mikono ile ile, kwa mpangilio wa kinyume. Vipande hivyo havina jina lililokubaliwa katika Kiswahili. Hapa vitaitwa makarani, hadi kamati itakapokaa.

Sasa, seva haiajiri karani mpya kwa kila bahasha. Ili kuokoa nafasi na wakati, karani mmoja huhudumia bahasha nyingi, na mara nyingine hushika kadhaa kwa wakati mmoja, kwa kuwa kazi za seva huendeshwa katika nyuzi zinazokwenda sambamba. Mwandishi wa programu asiyelijua hilo humshonea karani mfuko wa koti. Bahasha inaingia, karani anasoma nambari ya mteja, anaitia mfukoni ili aitumie jibu litakaporejea. Mwandishi anaijaribu programu akiwa peke yake mezani. Ujumbe mmoja unakwenda, jibu moja linarudi, kila kitu shwari.

Chukulia kwamba programu hiyo imewekwa kazini. Mama muuza samaki wa Kisumu anauliza salio la akaunti yake ya chama. Karani anaitia nambari ya mama mfukoni. Kabla jibu halijarudi, mwanafunzi aliye Eldoret naye anauliza salio lake; nambari yake inaingia katika mfuko ule ule, na ya mama inafutika. Jibu la mama linarudi, karani anatia mkono mfukoni, na akiba ya mama inasomwa na mtu asiyemjua. Hakuna aliyeiba wala mtambo ulioharibika. Na linaloudhi zaidi ni kwamba mwandishi akirudi mezani kulitafuta kosa hilo halioni, kwa sababu mezani pake kuna mteja mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe.

Wabunifu wa mifumo hii waliiona hatari hiyo mapema. Maelezo rasmi ya JAX-RPC, ya lugha ya programu iitwayo Java, yalikataza karani kutunza ndani yake hali inayohusu ujumbe wa mteja. Mrithi wake, JAX-WS, iliyotolewa mwaka wa 2006, inaendeleza utaratibu ambao kila ujumbe husafiri pamoja na kitu kinachoitwa muktadha wa ujumbe. Huo ni kama kifuko kilichofungwa kwenye bahasha yenyewe. Karani wa kwanza akitia jambo humo, wa pili hulikuta. Na jibu linaporejea, karani aliyelitia hulipata likiwa bado na bahasha yake. Mazungumzo yakiisha, kifuko hutupwa. Mna hata ua ndani ya kifuko hicho: yapo yanayoonwa na makarani pekee na yapo yanayoruhusiwa kuonwa na programu kuu. Mwanafunzi wa pragmatiki anayefundishwa kila muhula kwamba usemi hufasiriwa ndani ya muktadha wake hana sababu ya kulikimbia somo hili.

Wala mwanafunzi wa fasihi hana sababu hiyo. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhamadi Kijuma aliyatungia utenzi mwaka wa 1913, shujaa yumo kifungoni na anamtuma kijakazi Saada kwa mamake. Ujumbe umefichwa ndani ya mafumbo. Mama anaufumbua, anaitia tupa ndani ya mkate wa wishwa, na walinzi, ambao huchukua mikate mizuri na kuuacha ule mbaya, wanamwachia mfungwa chombo cha kujikomboa. Usalama wa mpango huo ulitegemea ujumbe kufika kama ulivyotoka. Saada hakuhitaji kuijua siri yote. Lau angejipa kazi ya kukumbuka kwa niaba ya Liyongo, akapunguza hapa na kuongeza pale, tupa isingefika. Si nia ya makala haya kudai kwamba wahenga waligundua huduma za wavuti. Madai ya aina hiyo yameshasikika ya kutosha. Linalodaiwa ni dogo zaidi: kwamba msomaji wa utenzi huo ameshaielewa tofauti kati ya kubeba na kutunza, na kilichobaki ni kumwonyesha mahali pengine inapotumika.

Malumbano ya washairi gazetini yanatoa mfano wa karibu zaidi. Mshairi anayemjibu mwenzake hawezi kutarajia kwamba msomaji analo gazeti la wiki iliyotangulia. Kwa hiyo humtaja anayemjibu, akaitaja hoja yenyewe, ndipo akaanza kuibomoa. Shairi hubeba hali yake. Menyu za simu zinazofunguliwa kwa nyota na alama ya reli zinaweza kuendeshwa kwa busara iyo hiyo. Katika huduma ya Africa's Talking ya Nairobi, mteja akichagua 1, kisha 2, kisha akaandika 500, programu inayopokea haiambiwi 500 peke yake. Huletewa 1, baadaye 1*2, na mwisho 1*2*500. Kila ujumbe husimulia safari nzima tangu mwanzo, na karani asiye na kumbukumbu yoyote anaweza kujua mteja yuko hatua gani. Mtindo huu ni mwepesi, na yeyote anayefundisha somo la hali angefanya vyema kuanza nao kabla ya kugusa mambo ya bahasha na nyuzi.

Hata hivyo, baadhi ya wataalamu wameigeuza kanuni hii kuwa kama imani. Roy Fielding, katika tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka wa 2000 katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, alitaka kila ombi liwe na yote yanayohitajika ili lieleweke, na seva isitunze hali ya mazungumzo. Wafuasi wake wengi wamelisikia hilo kana kwamba hali imefutwa duniani. Hali haifutiki; huhamishwa kutoka mkono hadi mkono. Akinyang'anywa karani, ataibeba mteja au itaandikwa daftarini, na kila mahali ina gharama yake. Mteja akibebeshwa karatasi inayosema bei ni shilingi 5,000, anaweza kuzifuta sifuri mbili njiani na kurudi na shilingi 50. Ndiyo maana karatasi ya namna hiyo hutiwa saini ya kidijitali, kama barua za zamani zilivyopigwa lakiri. Na lakiri ya aina hii huzuia kubadilisha, haizuii kusoma. Basi siri isiandikwe humo hata kidogo. Daftari nalo ni salama zaidi, lakini makarani wote wakilazimika kulifungua kwa kila neno, foleni hujipanga mbele yake.

Penye ubishi huo, rai inayoonekana kuwa ya haki ni hii: safari ya mteja ndani ya menyu ibebwe na ujumbe, fedha ziandikwe daftarini, na karani abaki na mikono mitupu.

Suala la fedha ndilo linalowahusu Wanakiswahili moja kwa moja. M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi mwaka wa 2007, na kupitia mfumo uitwao Daraja, seva ya mfanyabiashara inaweza kuomba malipo yatokee kwenye simu ya mteja, naye akaandika nambari yake ya siri. Seva ikituma ombi, hupata jibu papo hapo. Lakini jibu hilo halisemi kwamba fedha zimelipwa. Linasema ombi limepokelewa, na linatoa nambari ya kulitambulisha. Ni ile Kumb. ya barua rasmi. Matokeo huja baadaye kwa ujumbe mwingine wenye nambari iyo hiyo, na huenda ukapokewa na karani asiyejua lolote kuhusu ombi la kwanza. Akiipata nambari hiyo daftarini, ataendelea na kazi. Asipoipata kwa sababu mwandishi aliiweka mfukoni mwa karani mwingine, fedha za mtu zitakuwa zimetoka bila ya mahali pa kutua.

Baina ya jibu la kwanza na matokeo upo muda. Unaweza kuwa sekunde chache. Mtandao ukiyumba, unaweza kuwa mrefu. Katika muda huo ukweli ni upi? Programu iliyoandikwa kwa pupa inazijua hali mbili tu, kufaulu na kushindwa, na chochote kisichokuwa kufaulu huandikwa kuwa kushindwa. Kisha mfasiri huletewa sentensi pweke, bila muktadha, akaitafsiri: malipo yako hayakukamilika. Mama muuza samaki anaisoma, anaielewa vizuri kabisa, na kwa kuwa ni mwaminifu katika biashara yake, analipa tena. Dakika mbili baadaye matokeo ya malipo ya kwanza yanafika. Amelipa mara mbili, na kosa lililomlipisha lina ukubwa wa silabi moja.

Kiswahili kina -ja-. Malipo hayajakamilika: hayajafaulu, hayajashindwa, yanangojewa. Mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Kenya hufunzwa kwamba kanusho la -li- ni -ku- na la -me- ni -ja-, akapewa sentensi kumi za kukanusha, akapata alama zake na kusahau. Ilhali hiyo -ja- ndiyo hali ya tatu inayokosekana katika madaftari ya programu za kupokea malipo. Hali kadhalika -me-: kumwambia mteja kwamba amelipa wakati ombi limepokelewa tu ni kutia utimilifu mahali ambapo haupo. Tena ujumbe wa matokeo unaweza kufika mara mbili, na karani asiyekumbuka hapaswi kuongeza salio mara mbili. Hufungua daftari, akiona malipo ya nambari hiyo yameshaandikwa, hushukuru na kunyamaza. Kiswahili kina umbo la -mesha- kwa tukio hilo. Mfumo wa njeo na hali ambao wanafunzi huuona kama mzigo wa mitihani unaweza kuchorwa ukutani mbele ya waandishi wa programu, ukawaonyesha hali walizozisahau.

Pingamizi mbili hutolewa. Ya kwanza husema kwamba haya ni mambo ya idara ya sayansi ya kompyuta. Kama ni ya idara hiyo pekee, basi na sentensi inayofika kwenye simu ya mama iandikwe na idara hiyo, na Wanakiswahili waache kulalamika kwamba imeandikwa vibaya. Ya pili husema kwamba istilahi lazima zitangulie. Makala haya yametumia karani, mfuko, bahasha, daftari na lakiri, na yamefika hapa. Istilahi nzuri mara nyingi huzaliwa katika maelezo yaliyokwisha kueleweka. Ile inayotangulia maelezo huishia katika orodha ya kupigiwa makofi. Katiba ya mwaka wa 2010 iliifanya lugha hii kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi za Kenya, na urasmi huo unapimwa kila siku kwenye vioo vidogo vya simu kuliko mahali pengine popote.

Kozi za tafsiri ndiko kunakofaa kuanzia. Badala ya kupewa orodha ya maneno 50 ya teknolojia, mwanafunzi apewe tukio moja la malipo, aambiwe aandike sentensi tatu: ya wakati ombi limepokelewa, ya wakati matokeo hayajulikani, na ya wakati matokeo yamefika mara ya pili. Ya kwanza ataiandika upesi. Ya pili atagundua kwamba hawezi kuiandika kabla ya kumwendea mwandishi wa programu na kumuuliza fedha ziko wapi wakati huo; naye mwandishi wa programu, yamkini, itambidi akalitazame daftari lake kwanza.